Si kila ukucha ulioharibika una fangasi

UKUCHA ukigeuka rangi, wengi hukimbilia duka la dawa kununua krimu ya fangasi. Hata hivyo, kucha huharibiwa na maradhi tofauti, na kila moja lina tiba yake.

Fangasi hushambulia zaidi kucha za miguu. Ukucha hugeuka manjano au kahawia, ukawa mnene na kumomonyoka. Krimu haipenyi ukucha vyema, ndiposa daktari huagiza tembe za terbinafini: kwa kawaida wiki 6 kwa kucha za mikono na wiki 12 kwa za miguu. Yafaa kipande cha ukucha kipimwe kwanza katika maabara, kwani ugonjwa wa soriasisi pia huharibu kucha vivyo hivyo. Wenye maradhi ya ini hawafai kumeza tembe hizo. Mgonjwa asikate tamaa: ukucha wa kidole gumba cha mguu huchukua hata mwaka mmoja na nusu kukua upya.

Mdudu wa kidole huletwa na bakteria wanaopenya kando ya ukucha, hasa unapong'atwa au ngozi yake inapokatwa saluni. Kidole huvimba na kupwita. Mapema, kukichovya katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 15, mara kadhaa kwa siku, huweza kutosha. Usaha ukijikusanya, utolewe na mhudumu wa afya.

Ukucha unaozama nyamani hutokana na viatu vinavyobana na kukata kucha kwa kuviringa pembeni. Kucha za miguu zikatwe kwa kunyooka. Mwenye kisukari asijitibu, kwani kidonda kidogo chaweza kumkosesha mguu.

La kuogopewa zaidi ni weusi chini ya ukucha. Miongoni mwa Waafrika, mistari myeusi kwenye kucha kadhaa huwa ya kawaida. Lakini mstari mmoja unaopanuka, au weusi unaoenea hadi kwenye ngozi, huenda ukawa saratani iitwayo melanoma. Mwanamuziki Bob Marley alipatikana nayo kwenye kidole cha mguu mwaka 1977, baada ya kidonda chake kudhaniwa kuwa jeraha la kandanda. Alifariki Mei 11, 1981, akiwa na umri wa miaka 36.

Weusi wa jeraha husogea mbele ukucha unapokua. Usiposogea, daktari auone bila kukawia.