Mtoto wa Jicho Aliyekomaa: Athari Zake kwa Lenzi na Hatari ya Kusubiri

Mtoto wa jicho ni ugonjwa unaosababisha lenzi ya jicho kupoteza ung'avu wake na kuwa na ukungu. Ugonjwa huu ni miongoni mwa sababu kuu za upofu duniani, ingawa hutibika kwa upasuaji.

Lenzi ipo nyuma ya mboni, ndani ya kifuko chembamba. Imeundwa kwa maji na protini zilizojipanga kwa namna inayoruhusu mwanga kupita. Kadiri umri unavyoongezeka, protini hizo huharibika na kugandana. Kisukari, majeraha ya jicho, uvutaji wa sigara na matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi huweza kuharakisha hali hiyo.

Mtoto wa jicho anapokomaa, lenzi yote huwa nyeupe au kahawia iliyokolea. Mgonjwa huweza kubaki akitambua mwanga tu, au mkono unaopungwa mbele ya uso wake.

Madhara hayaishii hapo. Lenzi huweza kufyonza maji, ikavimba na kuziba njia ya kutolea majimaji ya jicho. Kwa wagonjwa wengine, tabaka la nje la lenzi huyeyuka, kiini chake kigumu kikazama, na protini zikavuja nje ya kifuko. Hali zote mbili huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta maumivu makali, wekundu na kichefuchefu. Mshipa wa fahamu wa jicho ukiharibiwa na presha hiyo, uoni uliopotea haurejeshwi hata kwa upasuaji.

Kwa sababu hiyo, imani kwamba ni lazima kusubiri mtoto wa jicho akomae ndipo atolewe haina msingi katika tiba ya sasa. Lenzi iliyokomaa kupita kiasi huwa ngumu, na nyuzi zinazoishikilia huweza kulegea, hivyo upasuaji huwa mgumu zaidi.

Hakuna dawa ya matone, vidonge wala mitishamba iliyothibitishwa kuondoa ukungu huo. Tiba ni kuondoa lenzi iliyoharibika na kuweka lenzi bandia, ambayo iliwekwa kwa mara ya kwanza na daktari Harold Ridley jijini London mwaka 1949.

Wananchi wanashauriwa kupima macho mapema uoni unapofifia. Mwenye maumivu makali ya jicho, au mtoto mchanga mwenye mboni nyeupe, afikishwe hospitalini bila kuchelewa.