Kutoka Kadi hadi Kiolezo: Historia ya Hadithi za Watumiaji katika Uundaji wa Programu

Somo la hadithi za watumiaji, katika mafunzo ya uundaji wa programu kwa mkabala wa ajaili, aghalabu huanza na sentensi yenye nafasi tatu za kujaza: mtumiaji ni nani, anataka nini, na kwa sababu gani. Mwanafunzi hujaza, mwalimu husahihisha, na somo huishia hapo. Makala hii inadai kwamba sentensi hiyo ilizaliwa baadaye, wakati hadithi zenyewe zilikuwa zimekwisha kutumika kwa miaka kadhaa, na kwamba anayeijua sentensi bila kuijua historia yake huandika hadithi dhaifu.

Tatizo lililotangulia lilikuwa la nyaraka. Mwaka 1970 Winston Royce alichapisha makala iliyoonesha hatua za kazi zikifuatana, kuanzia mahitaji hadi uendeshaji wa mfumo. Katika makala hiyohiyo alionya kuwa kuzifuata hatua hizo kwa mkondo mmoja ni kukaribisha hasara, na akashauri mteja ahusishwe rasmi mapema. Wengi waliomfuata walichukua mchoro wakaacha onyo. Mahitaji yakawa vitabu vinene, vilivyotiwa saini na watu ambao hawangekuwapo siku ya kuanza kuutumia mfumo. Ivar Jacobson, aliyefanya kazi katika kampuni ya Ericsson nchini Sweden, alisogeza mambo mbele katika miaka ya 1980 alipopendekeza mahitaji yaelezwe kwa kufuata jinsi mtumiaji anavyoingiliana na mfumo. Hata hivyo, mbinu yake nayo ilibaki kuwa ya maandishi.

Badiliko kubwa lilitokea Detroit, Marekani. Kampuni ya magari ya Chrysler ilikuwa imeanza mwaka 1993 kujenga mfumo mmoja wa mishahara, uliojulikana kwa kifupi kama C3, kwa lugha ya Smalltalk. Hadi mwaka 1996 mfumo huo ulikuwa haujamlipa mfanyakazi hata mmoja. Kent Beck aliitwa kuutazama, naye akamwita Ron Jeffries. Beck hakuwa mgeni wa kadi: mwaka 1989 yeye na Ward Cunningham walikuwa wameeleza jinsi kadi ndogo za karatasi zinavyoweza kufundishia fikra za programu zinazojengwa kwa vitu. Katika C3 kadi zilipewa kazi nyingine. Mteja aliandika juu ya kadi jambo analolihitaji, kwa maneno machache. Wanaprogramu wakakadiria muda. Kisha mteja akaamua lipi litangulie. Kadi haikuwa na nafasi ya maelezo marefu, na hilo lilikuwa kusudi. Aliyetaka kujua zaidi alilazimika kunyanyuka na kwenda kumuuliza mwenye kadi, ambaye alikuwa ameketi hatua chache tu kutoka kwake.

Alistair Cockburn, aliyeutembelea mradi huo mwaka 1998, aliieleza kadi kuwa ni ahadi ya mazungumzo. Maelezo hayo yanaafikiana na neno tulilolichagua katika Kiswahili. Msimulizi hutamka paukwa, kisha husubiri. Bila pakawa ya wasikilizaji hadithi haianzi. Maelezo ya mahitaji yanaweza kusomwa na mtu mmoja chumbani, lakini hadithi ina pande mbili.

Mfumo wa C3 ulianza kulipa mwaka 1997, na uliwalipa wafanyakazi wapatao 10,000. Lengo lilikuwa kuwafikia 87,000, nalo halikufikiwa. Miezi michache baada ya malipo ya kwanza, mwakilishi wa mteja aliacha kazi kwa uchovu, na hakupatikana wa kuliziba pengo lake. Mradi ulifungwa mwaka 2000, baada ya Chrysler kuungana na Daimler-Benz. Sababu za kufungwa zimebishaniwa sana na makala hii haikusudii kuamua ubishi huo. Linalotuhusu ni kwamba kadi zilikuwapo zote mezani, ila mtu aliyekuwa upande wa pili wa ahadi hakuwapo. Maarifa juu ya saa za ziada, makato na marupurupu yalikuwa yamekaa kichwani mwa mtu mmoja. Uzuri wa mbinu na udhaifu wake vilitoka mahali pamoja.

Kitabu cha Beck kuhusu Extreme Programming kilitoka mwaka 1999 na kuzieneza kadi mbali na Detroit, hadi kwa timu ambazo hazikuwa na mteja wa kukaa nao. Ni katika hali hiyo, kwa maoni yetu, kiolezo kilipata soko. Mwaka 2001, mwaka uleule ambao watu 17 walikutana Snowbird, Utah, wakaandika Ilani ya Ajaili, timu moja katika kampuni ya Connextra jijini London ilibuni sentensi yenye sehemu tatu. Mwaka huohuo Jeffries aliandika kuwa hadithi ina viungo vitatu: kadi, mazungumzo na uthibitisho, yaani majaribio yanayoonesha kuwa kilichoahidiwa kimetimizwa. Kati ya mawazo hayo mawili, la London lilikuwa rahisi zaidi kunakiliwa. Bill Wake aliongeza vigezo vyake mwaka 2003, kimojawapo kikiwa kwamba hadithi iwe wazi kwa majadiliano, na kitabu cha Mike Cohn cha mwaka 2004 kikakifikisha kiolezo kila mahali.

Matokeo yake tunayaona katika hadithi kama hii: “Mimi mtumiaji nataka kitufe cha kuhifadhi ili niweze kuhifadhi.” Nafasi zote tatu zimejazwa, na hakuna lililosemwa. Mtumiaji hajulikani, na sababu ni haja ileile iliyorudiwa.

Mwandishi wa Kiswahili ana jambo jingine la kuangalia. Wengi huanza kwa “Kama karani, nataka...”, ingawa “kama” hubeba pia maana ya mfano na ya sharti. “Mimi karani wa mishahara” haiachi shaka. Sehemu ya sababu ina nguvu zaidi, kwa kuwa kitenzi kinachofuata “ili” hubeba kiambishi cha nafsi, na kiambishi hicho hufichua ni nani anayelindwa. Tuchukue karani anayetaka kuona saa za ziada zilizobadilishwa baada ya orodha kufungwa. Akisema “ili nisimlipe mtu mara mbili”, wanaprogramu watajenga onyo linalozuia malipo, na jaribio litakuwa kuingiza saa zilezile mara mbili na kutazama kama mfumo unakataa. Akisema “ili mfanyakazi asipunjwe”, watajenga hesabu ya malimbikizo, na jaribio litakuwa kuongeza saa baada ya orodha kufungwa na kutazama kama mshahara wa mwezi unaofuata unazilipa. Haja iliyoandikwa ni moja, na atakayesema ni programu ipi kati ya hizo mbili inayotakiwa ni karani mwenyewe, akiulizwa.