Nyumba ya Mawe na Deni la Karafuu

Tarehe 15 Aprili 1872 Unguja ilipigwa na kimbunga. Kisiwa hiki kiko nyuzi sita tu kusini mwa ikweta, mahali ambapo vimbunga vya Bahari ya Hindi kwa kawaida havifiki. Watu wa pwani waliijua kaskazi, wakaijua kusi, wakazijua na mvua za masika, lakini upepo wa namna ile haukuwa katika hesabu zao. Ulipotulia, merikebu za Sultani Barghash bin Said zilikuwa zimevunjika au kuzama bandarini, majahazi yametupwa ufukweni, na mashambani, ambako utajiri wa kisiwa ulikuwa umesimama safu kwa safu, minazi na mikarafuu ilikuwa imelala chini.

Mkarafuu ni mti wa subira. Ukipandwa leo, mwenyewe husubiri miaka sita au saba kabla ya kuchuma chochote cha maana. Kwa hiyo aliyeangushiwa shamba Aprili ile hakupoteza mavuno ya msimu mmoja, alipoteza miaka. Na wengi katika wenye mashamba walikuwa wameshakopa na kutumia fedha za karafuu ambazo hazijachumwa.

Ukilijua hilo, nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja huanza kusomeka kwa jicho jingine. Anayepita vichochoro vya Shangani, Malindi na Mkunazini hutazama milango ya nakshi, mabaraza na kuta nene, akadhani anaona mali iliyotulia, isiyotikisika. Lakini sehemu kubwa ya nyumba hizo ilijengwa kwa fedha zilizotegemea shamba na biashara ya bahari, na bei ya bidhaa hizo ilipangwa Bombay, London na Marekani, na baadaye Indonesia. Kwa karibu miaka mia mbili, thamani ya nyumba ya Mji Mkongwe imekuwa ikiamuliwa nje ya Mji Mkongwe.

Karafuu yenyewe ni mgeni. Asili yake ni visiwa vya Maluku, ambako Waholanzi waliilinda kwa wivu ili wabaki wauzaji peke yao. Katika karne ya 18 Wafaransa walifanikiwa kuchukua miche na kuipeleka Mauritius na Réunion, na kutoka huko ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Jina linalotajwa sana katika habari hiyo ni la Saleh bin Haramil al-Abry. Seyyid Said bin Sultan, aliyeihamishia Unguja enzi yake kutoka Maskati, aliona faida iliyokuwamo, akaueneza mkarafuu kwa nguvu zote. Bei za mwanzo zilikuwa nzuri mno, na ardhi iliyokuwa msitu ikageuka kuwa mali ya kugombewa.

Nguvu iliyofyeka misitu hiyo, ikapanda, ikapalilia na kuchuma, ilikuwa ya watumwa walioletwa kutoka bara. Hakuna hesabu ya nyumba za mawe za Unguja inayoweza kuitwa ya haki bila kuwataja watu hao, ambao jasho lao limo ndani ya kila ukuta na ambao hawakuachiwa hata chumba kimoja.

Kilichofuata kinafahamika kwa kila mkulima wa zao moja. Kila mwenye uwezo alipanda, mikarafuu ikakomaa kwa wakati mmoja, soko likajaa, na kufikia miaka ya 1840 bei ikawa inateremka. Wenye mashamba walikuwa na ardhi, majina na heshima, lakini mkononi hawakuwa na riale. Waliokuwa nazo ni matajiri wa Kihindi, wengi wao wakiwa watu wa Kutch na Gujarat, waliokodi ushuru wa forodha, wakanunua pembe za ndovu na karafuu, na kuwakopesha Waarabu na Waswahili. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji ilishika forodha kwa miongo mingi. Baadaye ikaingia mikononi mwa Taria Topan.

Mkopo ulikuwa na sura yake. Dini ilikataza riba, kwa hiyo watu walitumia rehani, au mkataba ulioitwa bei khiyari: mwenye shamba "analiuza" kwa mkopeshaji akibaki na haki ya kulinunua tena katika muda waliopatana, na katika muda huo huo analikodi na kuendelea kukaa humo humo. Kodi ndiyo iliyosimama mahali pa riba. Kwa jirani anayepita njiani, shamba lilikuwa bado la fulani bin fulani. Kwenye karatasi, mambo yalikuwa mengine.

Mbona basi wakopeshaji hawakuyachukua mashamba yote? Sababu moja ni kwamba wengi wao walihesabiwa kuwa raia wa Uingereza, na mwaka 1860 Balozi Christopher Rigby aliwalazimisha kuwaacha huru watumwa wao. Shamba lisilo na wafanyakazi lilikuwa mzigo. Ilikuwa afadhali kumwacha mwenyewe ahangaike na mikarafuu, na mkopeshaji apokee karafuu kila msimu. Mtaji ukajifunza kukaa mbali na udongo huku ukila matunda yake.

Kimbunga kilikuja juu ya mpango huo. Rehani iliyowekwa juu ya miti sasa ilikuwa juu ya magogo. Na kabla hata miche mipya haijashika, Januari 1873 Sir Bartle Frere alifika kutoka Uingereza kudai biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ikomeshwe. Barghash alikataa, akieleza kwamba nchi yake imetoka kuangushwa na upepo. Uingereza ikatishia kuizingira Unguja kwa manowari, na tarehe 5 Juni 1873 akatia saini. Soko la watumwa la Mkunazini likafungwa, na kabla ya mwaka kwisha ujenzi wa kanisa la Waanglikana ukawa umeanza mahali pale pale. Ndani ya miezi kumi na minne, mwenye shamba wa Unguja alipoteza miti yake na njia ya halali ya kupata watu wa kuipanda upya.

Kuvuka mkondo, Pemba ilikuwa na habari nyingine. Kimbunga kiliipita kwa kiasi kikubwa bila kuivunja. Karafuu zilipoadimika, bei ilipanda, na mwenye mikarafuu ya Pemba, ambaye jana alikuwa jamaa wa pembeni, akawa mtu wa kutafutwa. Tangu hapo uzito wa zao hilo ulihamia Pemba. Mashamba mawili yaliyofanana kwa udongo na kwa umri wa miti yalitofautishwa na njia ya upepo wa siku moja.

Mjini, hata hivyo, majengo yalizidi. Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa mwaka 1869, na mwaka 1872, mwaka ule ule wa kimbunga, meli za barua za British India zilianza kufika Unguja. Mwaka 1879 waya wa telegrafu wa chini ya bahari ukaiunganisha na Aden, na kupitia huko na Ulaya. Wakati huo Ulaya na Marekani zilikuwa na kiu ya pembe za ndovu kwa ajili ya vibao vya piano na mipira ya biliadi. Ushuru uliingia forodhani, na Barghash akajenga. Alivuta maji safi kutoka chemchemi za nje ya mji, akajenga kasri la Marhubi, na mwaka 1883 akamaliza jumba la Beit al-Ajaib.

Ili kulielewa jumba hilo, yabidi kwanza kuijua nyumba ya kawaida. Ukuta wake ni wa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa iliyochomwa kwenye tanuri, na dari yake hubebwa na boriti za mikoko zilizoletwa na majahazi kutoka Rufiji na pwani ya Lamu. Boriti haizidi urefu wake, na kwa hiyo chumba nacho hakizidi upana wa kama mita tatu. Ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba. Barghash aliuvuka mpaka huo kwa nguzo na mihimili ya chuma kutoka ng'ambo, akapata kumbi pana ambazo mikoko isingeweza kuzifunika. Taria Topan naye alianza zahanati yake ya ghorofa yenye roshani za nakshi mwaka 1887. Alifariki mwaka 1891, kabla haijamalizika. Majengo haya mawili ya ukingo wa bahari yanaonyesha wapi fedha ilikuwa imekaa: kwa mwenye forodha na kwa mwenye kukopesha.

Karne ya 20 ilirudia somo hilo bila kuhitaji upepo. Unguja na Pemba zilikuwa zikitoa sehemu kubwa sana ya karafuu zote za dunia, lakini hiyo haikuzipa mamlaka juu ya bei. Na mjini kwenyewe, katika mtaa wa Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililopakana na Mji Mkongwe, watu walikuwa wamejenga nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti katika ardhi ambayo wengi waliichukulia kuwa haina kodi. Mji ulipokua, wenye ardhi walianza kudai kodi ya kiwanja. Mwaka 1928 wapangaji wa Ng'ambo waligoma kulipa. Ulikuwa mgogoro wa mali isiyohamishika kwa maana yake halisi: nyumba ni yangu, kiwanja ni chako, na thamani ya kiwanja imepanda kwa sababu mimi na wenzangu tunaishi hapa.

Kisha ukaja mdororo mkuu wa uchumi wa dunia. Bei ya karafuu iliporomoka, madeni yakabaki pale pale, na serikali ya kikoloni ikaogopa kwamba mashamba yote yatahamia kwa wakopeshaji. Mwaka 1934 ikapitisha sheria ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isiuzwe kwa wasio wa jamii hizo. Chama cha wakulima wa karafuu kilipewa nguvu zaidi na zaidi, hadi mwaka 1937 biashara ya kusafirisha karafuu ikawekwa chini yake. Wafanyabiashara Wahindi walisusa, na chama cha Congress nchini India kikawaunga mkono. India ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa, kwa hiyo karafuu zililala ghalani hadi makubaliano yalipofikiwa mwaka 1938. Mwenye nyumba wa Malindi aliyetegemea kodi ya duka la karafuu alijikuta amefungwa na uamuzi uliopitishwa ng'ambo ya bahari.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalivunja mfumo wote. Ardhi ikawa ya serikali, wakulima wakagawiwa ekari tatu tatu, na nyumba za walioondoka au kunyang'anywa zikapewa wapangaji wapya. Kwa maelfu ya watu, ilikuwa mara ya kwanza kulala chini ya dari ya boriti wakiwa na haki ya kukaa humo. Rais wa kwanza baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Karume, aliutazama mji mpya: majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa Ng'ambo kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, yalikuwa jibu kwa mji wa mawe.

Lakini nyumba ya matumbawe haiishi kwa haki peke yake. Inataka chokaa mpya, mifereji iliyozibuliwa, na paa lisilovuja. Maji yakipenya juu huozesha vichwa vya boriti ndani ya ukuta, mahali pasipoonekana, hadi sakafu nzima ikashuka. Kodi ilikuwa ndogo, familia nyingi zilikaa ndani ya nyumba moja, na hakuna aliyejiona mwenyewe wa kutosha kutengeneza kilicho cha wote. Saruji ilipoanza kupakwa badala ya chokaa, unyevu ulifungiwa ukutani na mawe yakazidi kuharibika.

Fedha ya serikali nayo ilitoka kwenye karafuu, na mnunuzi mkuu sasa alikuwa Indonesia, ambako karafuu husagwa na kuchanganywa na tumbaku katika sigara za kreteki. Indonesia ikapanda mikarafuu yake, na kufikia miaka ya 1980 ilikuwa inakaribia kujitosheleza. Mteja alirudi nyumbani, kwenye visiwa ambako mti huu ulitoka. Ilikuwa katika dhiki hiyo ambapo Zanzibar ililegeza masharti ya biashara, ikaanzisha mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe mwaka 1985, na kuanza kuuza au kukodisha majengo yaliyochakaa. Zahanati ya Topan ilifufuliwa na mfuko wa Aga Khan katika miaka ya 1990. Mwaka 2000 UNESCO iliutia mji huo katika orodha ya urithi wa dunia.

Utalii ukashika nafasi ya karafuu, pamoja na tabia zake. Nyumba iliyokaa familia sita ikawa hoteli ya vyumba kumi na viwili. Mwaka 2019 wageni walipita 500,000. Mwaka uliofuata, corona ilipofunga viwanja vya ndege duniani, idadi ilipungua kwa takriban nusu. Pwani ya mashariki na kaskazini, ambako hoteli zimekaribia maji, mmomonyoko unakula mchanga ulioitwa mtaji, na wawekezaji wanajenga kuta za kuzuia bahari, ambazo mara nyingi huusukuma mmomonyoko kwenye ufuko wa jirani.

Tarehe 25 Desemba 2020, katika mwaka ule ule wa corona, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Nguzo za chuma alizoziagiza Barghash zilikuwa zimesimama karibu na chumvi ya bahari kwa miaka 137.

Nyuma yake, katika vichochoro ambavyo mtalii haviingii, bado zipo nyumba za wakfu na za serikali zenye wapangaji wa kipato kidogo, katikati ya mtaa ambao kila chumba kinaweza kuuzwa kwa dola kwa usiku. Wanakaa humo kwa kodi wanayoiweza, chini ya paa ambalo kodi hiyo haiwezi kulitengeneza. Masika yakikaribia, wa ghorofa ya juu hupanga ndoo chini ya boriti wanazozijua kwa matone yake, na wa chini husikiliza dari.