Uwanja na Timu: Kipi Kijengwe Kwanza?

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Katika chuo chetu hapa Arua, methali hiyo imezua mabishano tangu muhula uliopita. Wahitimu wametuchangia fedha kidogo kwa ajili ya mpira wa miguu. Wengine wanataka fedha hizo zikarabati uwanja, ambao mvua ikinyesha hugeuka bwawa. Wengine wanataka zitumike kuijenga upya timu, ambayo imesambaratika. Wapo pia wasemao kwamba hilo ni jambo moja: uwanja ukiwa mzuri, timu itakuja yenyewe. Insha hii inapinga kauli hiyo kwa kuangalia historia ya mpira katika eneo letu la West Nile.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1978 timu ya taifa ya Uganda, Cranes, ilifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika huko Ghana, ikafungwa na wenyeji mabao 2-0. Mwaka uliofuata serikali ya Idi Amin ilianguka, na mnamo Oktoba 1980 vita viliingia West Nile. Watu wa Arua na Koboko walikimbilia Sudan na Zaire kwa maelfu. Juni 1981 raia waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa na wanajeshi. Wengi waliokimbia walikaa ugenini miaka mingi. Tukumbuke kwamba uwanja wa mpira haukimbii vita. Nyasi zikirefuka, zitafyekwa. Mlingoti ukianguka, utasimamishwa. Lakini kocha, refa, golikipa na mtoto aliyekuwa akiwatazama pembeni ya mstari wakitawanyika katika nchi mbili, hakuna fundi wa kuitwa awarudishe.

Kwa hiyo si ajabu kwamba West Nile ilisubiri muda mrefu kupata timu ya kujivunia. Klabu ya Onduparaka ilianzishwa mwaka 2011, ikachukua jina la mtaa wake nje kidogo ya mji wa Arua. Mwaka 2016 ilipanda Ligi Kuu ya Uganda, ikicheza katika uwanja wa Green Light. Mwanzoni mwa 2017 mshambuliaji wake, Muhammad Shaban, alikuwa katika kikosi cha Cranes kilichokwenda Gabon, mara ya kwanza Uganda kufuzu tangu ile fainali ya 1978. Mwaka huohuo fainali ya Kombe la Uganda ilichezwa hapahapa Arua, na timu nyingine ya West Nile, Paidha Black Angels, ilifungwa na KCCA 2-0. Jambo hili lilianza na watu. Uwanja uliboreshwa kwa sababu tayari kulikuwa na umati uliotaka kuingia.

Klabu ya Arua Hill ilipita njia nyingine. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2021 ikiwa na mwekezaji na mipango mikubwa ya uwanja wa kisasa pamoja na majengo ya biashara. Kwa muda mfupi mji wetu ukawa na timu mbili katika ligi kuu. Lakini Onduparaka ilishuka daraja mwaka 2023, na Arua Hill haikumaliza msimu wa 2023/24 baada ya kushindwa kufika kwenye mechi zake. Viwanja havikwenda popote. Timu ndizo zilizopotea.

Hata hivyo, si haki kuudharau uwanja. Mwaka 2023 uwanja wa taifa wa Namboole ulikuwa umefungwa kwa ukarabati, na nchi nzima haikuwa na uwanja uliokubaliwa na Shirikisho la Soka la Afrika. Cranes walilazimika kucheza mechi ya "nyumbani" dhidi ya Tanzania huko Ismailia, Misri, wakafungwa 1-0 mbele ya viti vitupu. Hawakufuzu. Juni 2024 walirudi Namboole na kuifunga Botswana 1-0. Timu isiyo na uwanja ni kama mkimbizi: ina nguvu lakini haina pa kusimama.

Tofauti ni nini basi? Ukarabati wa uwanja huandikwa kwenye karatasi: kusawazisha ardhi, kuchimba mitaro, kupanda nyasi, kujenga vyoo na uzio. Una bei, una fundi, na una siku ya kumalizika. Kujenga timu hakuna siku ya kumalizika. Katika chuo cha kozi ya miaka miwili, kila mwaka nusu ya wachezaji huaga. Kinachobaki ni kile tu ambacho wakubwa waliwafundisha wadogo.

Hili nililiona mwenyewe nilipokuwa shule ya sekondari Koboko. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na ingawa madarasa kadhaa yalirudi kwa vipindi, hazikufunguliwa kwa wote hadi Januari 2022. Tuliporudi, nyasi za uwanja zilitufika magotini. Tulizifyeka kwa siku mbili, na milingoti ilikuwa bado imesimama. Lakini golikipa wetu alikuwa akiendesha bodaboda, nahodha alikuwa ameoa, na wengine walikuwa wakifanya biashara mpakani Oraba. Wadogo hawakuwahi kucheza na wakubwa hata mechi moja. Uwanja tuliurudisha kwa siku mbili; timu ilituchukua misimu miwili kabla ya kushinda mechi ya ugenini.

Kwa maoni yangu, fedha za wahitimu zigawanywe. Sehemu ichimbe mitaro na kufukia mashimo yanayovunja miguu ya watu, basi. Rangi na jukwaa visubiri. Sehemu kubwa inunue mipira, ilipe nauli ya kwenda kucheza Koboko, umbali wa kilomita zipatazo 55, na ianzishe kikosi cha pili cha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kifanye mazoezi pamoja na kikosi cha kwanza kila Jumatano na Jumamosi.

Mimi nacheza beki wa kushoto na nitahitimu mwakani. Uwanja nitauacha palepale nilipoukuta. Yule kijana wa mwaka wa kwanza anayesimama nyuma yangu mazoezini, nisipomfundisha sasa, hakuna atakayemfundisha.