Pwani Kusini na timu zetu: kutoka Feisal hadi Kaya Tiwi

Ubingwa wa ligi ya soka ya Kenya umefika Pwani mara moja tu. Ilikuwa mwaka 1965, na timu iliyoubeba ni Feisal ya Mombasa. Ligi yenyewe ilikuwa bado changa. Nakuru AllStars waliifungua kwa ubingwa mwaka 1963, Luo Union wakafuata 1964, kisha zamu ikawa ya Mombasa. Mwaka uliofuata Abaluhya waliuchukua ubingwa huo, Gor Mahia wakaingia, na hadi leo, miaka sitini baadaye, hakuna timu ya Pwani iliyorudi kileleni.

Huku Bongwe, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, tumeukuta ubingwa huo katika maneno ya wazee. Ukikaa nao jioni kwenye baraza, zamu ya mpira ikifika, hawaanzi na Manchester wala Arsenal. Wanaanza na Feisal, waje kwa Liverpool, si ile ya Uingereza bali ya Mombasa, kisha Mwenge. Jina la mchezaji Ali Kajo halikosi kutajwa. Wengine hurudi nyuma zaidi, hadi enzi za Liwali, kabla ya uhuru, mpira wa Mombasa ulipokuwa mpira wa mitaa: kila mtaa na timu yake, kila timu na wazee wake, na kila mchezaji akijulikana kwao ni wapi na mama yake ni nani.

Jambo hilo la mwisho ndilo ninalolitilia mkazo. Timu zile hazikuwa na benki nyuma yake. Zilikuwa na watu. Shabiki alichanga nauli, alifua jezi, alimpa kijana chakula, na siku ya mechi alifika uwanjani akiwa na haki ya kukasirika. Kwa mawazo yangu, ubingwa wa 1965 ulitoka hapo kabla ya kutoka miguuni mwa wachezaji.

Halafu wachezaji wakaanza kuhama. Nairobi ilikuwa na kazi, na kampuni na mashirika ya huko yalikuwa na timu. Mahmoud Abbas, kipa tuliyempa Kenya kutoka pwani hii, wengi humkumbuka akiwa langoni mwa AFC Leopards na Harambee Stars, na jina la "Kenya One" halikumpata bure: Kenya ilitwaa Kombe la CECAFA mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Tulimshangilia kwa moyo wote. Lakini tulimshangilia kwa mbali.

Kwa mbali maana yake ni redioni. Mtu wa Kwale kutazama mechi kubwa kwa macho yake lilikuwa jambo la safari: gari kutoka Ukunda hadi Likoni, foleni ya feri, kisha kutafuta njia hadi uwanjani, na usiku kurudi vilevile. Wenye nafasi hiyo walikuwa wachache. Waliobaki walikuwa na Sauti ya Kenya. Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown, Mombasa, aliyefariki Februari 2025, na Mohammed Juma Njuguna walitangaza mpira kwa namna ambayo asiyewahi kuiona Nairobi aliweza kukuonyesha upande gani wa uwanja kuna jua. Mpira ukipigwa pembeni, kijiji kizima kilijua ni pembeni ipi. Redio moja ilitosha mwembe mzima wa watu.

Redio hiyo ndiyo iliyoigawa Bongwe kati ya K'Ogalo, yaani Gor Mahia, na Ingwe, yaani AFC Leopards. Ukiuliza kwa nini Mdigo wa Gombato, asiye na ndugu Kisumu wala Kakamega, awe tayari kukosana na jirani yake kwa ajili ya Gor Mahia, jibu liko katika mawimbi ya redio ya miaka ya sabini na themanini. Desemba 1987 Gor walipotoka sare ya 1-1 na Espérance ya Tunisia uwanjani Kasarani, baada ya sare ya 2-2 kule Tunis, na kutwaa Kombe la Washindi barani Afrika kwa mabao ya ugenini, furaha ilifika hata huku kwenye minazi. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyotwaa kombe la bara tangu hapo.

Sisi wa Pwani Kusini tuna sikio la pili, nalo limeelekea kusini. Wadigo wako pande zote mbili za mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro. Harusi na matanga huvuka mpaka huo kila wiki, na mpira nao huvuka. Tanga ina Coastal Union, Wagosi wa Kaya, na mwaka 1988 Wagosi hao walikuwa mabingwa wa Tanzania, wakizipita Simba na Yanga. Kwa ukoo wenye shangazi Tanga, ule ulikuwa ubingwa wa nyumbani. Ajabu ni kwamba mji wa bandari usio mkubwa kuliko Mombasa uliweza mwaka 1988 jambo ambalo Mombasa yenyewe haikuliweza tena baada ya 1965. Nimesikia sababu nyingi zikitolewa, na inayoniingia akilini ni moja: Tanga waliendelea kuiona Coastal kuwa mali yao.

Simba na Yanga nao wana wao huku. Jumamosi ya mechi ya watani, tembea kutoka Ukunda hadi Msambweni uone jezi nyekundu na za kijani na njano. Lugha ya watangazaji ni yetu, utani ni wetu, na hakuna anayehitaji kuelezwa Msimbazi au Jangwani ni wapi.

Katikati ya mapenzi hayo yote ya mbali ipo Bandari. Mizizi yake iko kwa wafanyakazi wa kupakia na kupakua mizigo. Wazee bado huitaja Cargo, timu ya wafanyakazi hao, kwa heshima. Leo ni timu ya Mamlaka ya Bandari za Kenya, na nyumbani kwake ni Mbaraki. Ni timu ya shirika, kweli, lakini shirika lenyewe ndilo linalolisha nusu ya nyumba za Mombasa na si chache za Kwale, kwa hiyo siwezi kuiita ya kigeni. Mwaka 2015 ilitwaa ngao ya taifa. Mwaka 2018 ilimaliza ligi katika nafasi ya pili nyuma ya Gor, na msimu wa 2018/19 ikarudia nafasi hiyohiyo. Juni 2019 ikaifunga Kariobangi Sharks 3-1 katika fainali na kuibeba tena ngao ya taifa.

Januari ya mwaka huohuo, katika SportPesa Super Cup jijini Dar es Salaam, Bandari iliifunga Simba 2-1 kwenye nusu fainali. Mechi hiyo ilimpima mtu wa Pwani Kusini kuliko nyingine yoyote ninayoikumbuka. Watu waliokuwa Simba tangu utotoni walijikuta wamesimama, hawajui wakae upande gani. Kocha wa Bandari alikuwa Bernard Mwalala, mshambuliaji wa zamani wa Yanga, na hilo liliwatonesha Wekundu wa Simba zaidi. Wengi waliishia kuishangilia Bandari. Fainali ilipotea 1-0 mbele ya Kariobangi Sharks, lakini nusu fainali ile ilituonyesha kwamba damu ya nyumbani bado ipo.

Bandari ikaenda Kombe la Shirikisho barani Afrika. Ikaitoa Al-Ahly Shendi ya Sudan, ikaitoa US Ben Guerdane ya Tunisia, ikakwama kwa Horoya ya Guinea, hatua moja kabla ya makundi. Zilikuwa siku kubwa kabisa za klabu yetu, na mechi zake za "nyumbani" ilizicheza Kasarani, Nairobi. Mombasa haikuwa na uwanja unaokubalika na shirikisho la Afrika. Uwanja wa Manispaa ulikuwa umebomolewa ili ujengwe upya, na ujenzi ukasuasua mwaka baada ya mwaka. Shabiki wa Likoni aliyeisubiri siku hiyo maisha yake yote aliitazama kwenye simu. Hilo lilinikera wakati ule na linanikera sasa.

Kuhusu soka ya Uingereza nitasema kwa ufupi, kwa sababu kila mtu anajua hali ilivyo. Vibanda vya kutazamia mpira vimejaa Ukunda nzima, na Victor Wanyama alipojiunga na Southampton mwaka 2013, Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, tulipata sababu halali ya kutazama. Sina ugomvi na kijana mwenye jezi ya Arsenal. Ugomvi wangu ni na mkeka wa kamari. Kijana anayeweka pesa ya nauli kwenye mechi ya timu ambayo hajui hata inatoka nchi gani si shabiki tena, na nimeona nyumba zikivunjika kwa ajili hiyo.

Na hali mpira uko hapahapa. Jioni yoyote isiyo na mvua utaukuta mchangani: Bongwe, Gombato, Mwabungo, Kinondo. Mwezi wa likizo mashindano huja na zawadi ya fahali, wanasiasa hugawa jezi, na umati unaokusanyika ungeziaibisha mechi nyingi za Ligi Kuu ya Kenya. Diani ina klabu ya raga, South Coast Pirates, iliyowafundisha vijana wengi wa hapa mchezo ambao baba zao hawakuujua. Na miaka ya karibuni SS Assad ya huku kwetu imecheza NSL, ligi iliyo ngazi moja tu chini ya Ligi Kuu. Ngazi moja! Kwale haijawahi kutoa bingwa wa taifa wa soka, na hapa kuna timu iliyofika mlangoni huku wengi wetu tukiwa hatujui Jumapili inacheza wapi.

Lakini timu ya Pwani Kusini ninayoipenda kuliko zote si ya soka, na si ya watu wazima. Ni wasichana wa Kaya Tiwi.

Shule ya Sekondari ya Kaya Tiwi iko kando ya barabara ile ile ya Likoni kwenda Lunga Lunga tunayopita kila siku. Katika mpira wa kikapu wa wasichana, shule hii imekuwa bingwa wa taifa na imeiwakilisha Kenya kwenye michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki. Imesimama mbele ya shule zenye majina makubwa, Buruburu Girls ya Nairobi ikiwamo, na kushinda. Kikapu huchezwa muhula wa kwanza, pamoja na mpira wa mikono na magongo, wakati magazeti hayana nafasi kwa sababu Ulaya ligi zimepamba moto. Kwa hiyo ubingwa unakuja Kwale, unapewa mistari michache, unapita. Tulichokilalamikia tangu 1965 wasichana hawa wametuletea, na hatukwenda kuwapokea.

Marekani wanafanya kinyume. Uwanja wa soka ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, unaingiza watu zaidi ya 100,000, na wanaojaza viti hivyo wamekuja kuwatazama wanafunzi. Babu aliyesoma pale huja na mjukuu. Pesa nyingi imeingia huko na imeleta matatizo yake, lakini msingi wake ni kwamba mji unaipenda shule yake na haungoji mchezaji aende kwingine ndipo umjue. Sisi tuna shule zenye vipaji, Kaya Tiwi na nyingine katika kaunti hii, lakini siku ya mechi wanaowashangilia ni wanafunzi wenzao na walimu.

Na njia ya mbele kwa msichana wa kikapu ipo, tena karibu. Timu ya wanawake ya KPA, Mamlaka ileile ya Bandari, yenye ukumbi wake Makande, Mombasa, imekuwa miongoni mwa timu kali kabisa nchini na imecheza mashindano ya klabu za Afrika. Kutoka Tiwi hadi Makande ni mwendo wa asubuhi moja. Kuna mahali pachache Kenya ambapo shule bora na klabu bora ya mchezo mmoja zimekaribiana hivyo. Kinachokosekana katikati ni watazamaji.

Tukirudi kwenye soka na viwanja vyake, Agosti 2025 Kenya ilikuwa mwenyeji wa michuano ya CHAN pamoja na Tanzania na Uganda. Zanzibar ilipata mechi zake. Mechi za Kenya zilichezwa Kasarani na Nyayo, zote Nairobi. Pwani haikupata hata moja. Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 linakuja katika nchi hizohizo tatu. Viongozi wetu wa Mombasa na Kwale wanadaiwa jibu juu ya viwanja, na tuendelee kuwadai bila kuchoka, kila uchaguzi na baada ya uchaguzi.

Nasi tuna deni letu ambalo halihitaji zabuni wala bajeti. Muhula wa kwanza ukifika, ulizeni Kaya Tiwi wanacheza lini na wapi, mwende, mchukue watoto, hasa wa kike. SS Assad wakicheza karibu, lipeni kiingilio. Bandari wakiwa Mbaraki, vukeni. Siku hizi hata Dongo Kundu kunapitika na feri si kisingizio tena.