Kupanga nyumba nzima Garissa: stara, mto na mkataba

Ploti kila mpangaji wa Pwani anaijua: safu ya vyumba, ua mmoja, choo kimoja, bomba moja. Mjini Garissa ploti zipo pia. Lakini familia nyingi zinazohamia huko, wakiwemo walimu, wauguzi na wafanyabiashara kutoka Mombasa, Lamu na Tana River, huulizia kitu kingine: nyumba nzima yenye ua wake na geti lake. Makala haya yaeleza kwa nini nyumba hizo zinapendwa na yapi ya kuangalia kabla hujatoa pesa.

Nyumba nzima ni ipi

Ni jengo moja linalokaliwa na familia moja: vyumba viwili, vitatu au zaidi, sebule, jiko, choo na bafu la ndani au la uani, na ukuta au mabati kuzunguka pande zote. Mtaa wa Garissa huitwa bulla, kama vile Bulla Iftin au Bulla Punda, na sehemu kubwa ya mji imejengwa ua kwa ua. Kwa hiyo mgeni anayetafuta nyumba ya namna hii haombi kitu cha ajabu. Anaomba kuishi kama wenyeji wanavyoishi.

Kwa nini zinapendwa

La kwanza ni stara. Mwenye ua wake hupika, huanika nguo na hupokea wageni bila macho ya jirani. Garissa haina upepo wa bahari, na mara nyingi joto hupita nyuzi 35. Usiku wa kiangazi watu hutoa mikeka nje, na kulala nje kwataka ua uliofungwa.

La pili ni ukubwa wa familia. Sensa ya 2019 ilionyesha wastani wa watu 3.9 kwa kila kaya nchini Kenya, lakini Mandera wastani ulikuwa karibu watu 7. Mwenye watoto watano na mama mzazi hawezi kujibana katika vyumba viwili vya ploti.

La tatu ni kazi. Tangu serikali za kaunti zianze 2013, Garissa imekuwa makao ya ofisi nyingi zaidi. Chuo Kikuu cha Garissa kilifungwa baada ya shambulio la Aprili 2, 2015 lililoua watu 148, kikafunguliwa tena Januari 2016. Mashirika yanayohudumia kambi za wakimbizi za Dadaab nayo huhitaji nyumba za wafanyakazi, na mengine hugeuza nyumba nzima kuwa ofisi.

La nne ni dini. Waislamu wengi hawataki mkopo wa riba. Benki zinazofuata sharia zimekuwepo Kenya tangu 2008, lakini wengi bado hununua ardhi kwa pesa taslimu na kujenga kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta. Wakati huo wote familia yahitaji pa kukaa, na nyumba ya kupanga yenye ua ndiyo inayofanana na ile wanayoijenga.

Upande wa mwenye nyumba

Naye ana hesabu yake. Familia moja kwenye nyumba moja ina maana ya kudai kodi kwa mtu mmoja, si vyumba kumi. Hasara yake ni kwamba mpangaji akihama, mapato yote husimama siku hiyo hiyo.

Wenye nyumba wengine wanaishi Nairobi au ng'ambo, na nyumba husimamiwa na ndugu. Hapo mpangaji aombe barua inayompa ndugu huyo mamlaka ya kupangisha na kupokea pesa. Aulize pia mwenye ardhi ana hati gani. Zipo ploti za mjini zenye barua tu ya kugawiwa, bila hati miliki, na mzozo wa ardhi ukizuka mpangaji ndiye wa kwanza kusumbuliwa.

Kuhusu ushuru, tangu Januari 2024 mwenye mapato ya kodi za makazi ya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 ya mapato hayo yote. Deni hilo ni la mwenye nyumba. Ukiambiwa ulilipe juu ya kodi mliyopatana, kataa.

Mto Tana

Hakuna swali muhimu zaidi Garissa kuliko hili: maji ya mto yalifika wapi mara ya mwisho? Mvua kubwa ikinyesha milimani na mabwawa ya juu, kuanzia Masinga, yakajaa na kumwaga, Tana hufurika hata kama Garissa kwenyewe hakujanyesha. Mwishoni mwa 2023, na tena Aprili 2024, mafuriko yalikata barabara kati ya Madogo na mji, na boti iliyokuwa ikivusha watu ikazama hapo Kona Punda.

Mitaa ya bondeni kama Ziwani, jina lenyewe lajieleza, huingia maji mapema. Wanaopanga Madogo, ng'ambo ya daraja kwenye kaunti ya Tana River, wakumbuke kwamba maji yakikata njia, kazi na shule za mjini zitakuwa upande wa pili. Usimuulize dalali. Waulize majirani, kisha tazama kuta: alama ya maji hubaki chini ya rangi mpya.

Wakati wa kiangazi shida hugeuka. Uliza bomba hutoa maji siku ngapi kwa wiki, tangi lina ukubwa gani, na kama utanunua maji ya mkokoteni wa punda. Tazama pia kama kuna dari chini ya mabati. Bila dari, saa nane mchana nyumba ni tanuri.

Sheria inamlinda nani

Wengi hudhani serikali itawatetea kodi ikipanda ghafla. Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, kweli humlinda mpangaji wa makazi: hafukuzwi bila amri ya baraza la kodi, wala kodi haipandishwi ovyo. Lakini yahusu tu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nyumba nzima ya mawe huipati kwa bei hiyo, kwa hivyo mpangaji wake yuko nje ya ulinzi huo.

Kinachobaki ni Sheria ya Ardhi ya 2012 na mkataba wenu. Msipotaja muda, na kodi hulipwa kila mwezi, notisi ya kuhama isipungue mwezi mmoja, kwa pande zote mbili. Na mwenye nyumba haruhusiwi kubeba vyombo vyako kwa mkono wake kwa sababu ya deni. Kazi hiyo ni ya dalali wa mnada mwenye leseni.

Andikeni haya

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba utaje kodi na lini itapanda na kwa kiasi gani. Dipoziti ni ngapi na itarudi baada ya siku ngapi. Nani atatengeneza bomba, paa na choo kikijaa. Na notisi ni ya muda gani. Ongezeni kifungu cha mafuriko: nyumba isipokalika, kodi isimame. Bila kifungu hicho, familia iliyokimbilia kwa jamaa miezi miwili yaweza kurudi na kukuta inadaiwa miezi miwili.

Pigeni picha za nyumba siku ya kuingia. Lipa kwa simu au benki ili ushahidi ubaki. Mkataba usiozidi miaka 3 hupigwa stempu kwa asilimia 1 ya kodi ya mwaka, na usipopigwa mahakama yaweza kukataa kuupokea.

Wapo watakaokwambia kwamba kati ya Waislamu na majirani neno latosha. Mjibu kwa upole kwamba Qurani yenyewe, katika Suratul Baqara, imeamrisha deni la muda liandikwe na mashahidi wawepo. Kuandikiana si kutoaminiana. Geti hukupa stara mbele ya majirani, na karatasi hukupa stara siku mnapotofautiana na mwenye nyumba.