Perege wa Maziwa ya Lindi na Historia Iliyochelewa Kuandikwa

Takribani kilomita 40 magharibi ya mji wa Lindi liko Ziwa Rutamba, ambalo, pamoja na maziwa ya Nambawala na Mitupa, ni makao ya perege wa Korogwe, samaki wa maji baridi aitwaye kitaalamu Oreochromis korogwe. Perege huyu ni wa familia ya Cichlidae, ambamo wamo pia sato na mamia ya samaki wa maziwa Tanganyika na Nyasa. Jike wake huyaatamia mayai kinywani na kuwahifadhi humo watoto mpaka waweze kujitegemea.

Spishi hii ilielezwa mwaka 1955 na Rosemary Lowe, mtafiti Mwingereza wa samaki wa Afrika Mashariki, kutokana na samaki wa bonde la Mto Pangani, kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Kusini hakukufikiriwa, ingawa mtaalamu wa mimea Mjerumani, Schlieben, alikwisha kukusanya mimea kando ya Rutamba katika miaka ya 1930, na ilibidi kungoja hadi kati ya 2013 na 2016 ndipo wanasayansi wakawatambua perege wa maziwa hayo.

Ugunduzi huo ulizusha swali zito, kwa kuwa baina ya Pangani na Lindi hupita mito ya Wami, Ruvu na Rufiji, ambayo perege wake wa asili ni wa spishi nyingine, Oreochromis urolepis. Je, yawezekana samaki wa Lindi waliletwa na watu? Uchunguzi wa jenomu, yaani urithi wote wa vinasaba wa kiumbe, uliochapishwa mwaka 2021, ulikadiria kuwa kundi la kusini na lile la Mto Zigi na bwawa la Mlingano mkoani Tanga yalitengana yapata miaka 140,000 iliyopita, zama ambazo hakuna mfugaji aliyekuwapo wa kuhamisha samaki, na ambazo mbele yake karne zote za mji wa kale wa Kilwa Kisiwani ni kitambo kidogo tu.

La kuhuzunisha ni kwamba uchunguzi huohuo uliwakuta perege hao wamekwisha kuchanganyika na sato, Oreochromis niloticus, samaki mgeni mwenye umbo kubwa zaidi ambaye husambazwa kwa ajili ya ufugaji, na chotara wao walipatikana katika maziwa matatu ya kusini. Uharibifu wa namna hii hauonekani kwa urahisi, kwani nyavu zaweza kuendelea kujaa samaki huku ukoo wa asili ukififia kizazi baada ya kizazi, na ukishatoweka hautarudishwa kwa kupandikiza perege wa Tanga, ambao ni wa spishi hiyohiyo lakini hawakubeba urithi uliojengeka Lindi.